Alama ya Kiwiko

Zilikuwa zimebaki siku tatu Bi Fatu atoke eda, na Omari alikuwa na jambo moja tu kichwani: mama yake atakapotoka nje, aikute Pijo, gari la marehemu mumewe, imekuwa mpya ndani.

Mzee Mwinshehe alikufa asubuhi, akazikwa kabla ya alasiri. Siku hiyo Omari, mwanawe wa pekee, alikuwa Kagunga akipakia dagaa. Simu ya mama yake iliita mara tatu. Aliitazama, akairudisha mfukoni. Alidhani ni yaleyale, Pijo imegoma tena, njoo uisukume. Alipofika Ujiji kesho yake, alionyeshwa kaburi. Mama hakumlaumu. Alimmiminia chai, akamuuliza kama amekula. Miezi minne ikapita hivyo, hamlaumu, na Omari angetoa chochote asikie ama tusi ama msamaha, lolote kati ya hayo, mradi liishe.

Pijo 404 ilikaa uani chini ya turubai. Bodi yake ilikuwa bado inatazamika, lakini ndani milango ilitia aibu. Mbao zilizofunika milango kwa ndani zilikuwa zimevimba kwa mvua, na leza, ile ngozi bandia ya kahawia, juu yake imepasukapasuka. Mlango wa dereva, juu kidogo ya kiegemeo cha mkono, ulikuwa na shimo kubwa kama mdomo wa kikombe. Sponji ilichungulia humo, nyeusi kwa jasho.

Fundi Castory alikuja na mfuko wake wa zana. Alifungua mpini wa kupandishia kioo, akatoa skrubu za kiegemeo cha mkono, kisha akapenyeza bisibisi pembeni mwa ubao. Klipu zikaanza kuachia moja moja.

"Taratibu, bosi," alimwambia Omari aliyekuwa akivuta upande wa pili. "Huyu kikongwe. Ukimvuta kwa pupa anakuachia mkono."

Ubao ukatoka. Castory aliulaza juu ya hadbodi mpya, akachora pembezoni kwa penseli, akatia alama kila tundu la klipu. Alipofika kwenye lile shimo alisimama.

"Hiki kiwiko cha Mzee kimechimba kama mchwa! Nilikuwa nikimwona barabarani kwa mkono huu kabla sijamwona uso."

"Ndiyo maana tunabadilisha," alisema Omari. "Haipendezi."

Walipoanza kupigilia, dirisha la chumbani likafunguka kidogo nyuma ya pazia.

"Omari! Mnagonga nini huko?"

"Kitasa, mama! Kimelegea."

"Kitasa tu?"

"Kitasa tu, mama."

Dirisha likafungwa. Castory alitikisa kichwa. "Unamdanganya mjane."

"Nataka ashtuke."

"Basi atashtuka."

Kazi ilikuwa safi, hakuna atakayesema vinginevyo. Walirudisha nailoni ya kuzuia maji, wakapaka gundi, wakavuta leza mpya mpaka ikakaa bila kunyanzi, wakaikunja kwenye kona. Tundu la mpini wa kioo walilikata mwisho kabisa, kidogo kidogo, lisizidi. Jioni milango minne iling'aa kama ya gari la bwana harusi.

"Na hizi mbao kuukuu?" aliuliza Castory.

"Chukua, ukawashie moto," alisema Omari.

Siku ya nne wanawake walimwogesha Bi Fatu, wakamvika nguo mpya na kumfukiza udi. Aliwaomba wamngoje kidogo, akaenda uani peke yake. Omari alikuwa amekwisha kuondoa turubai, amesimama kando ya gari, mikono nyuma kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

Bi Fatu hakutazama milango. Alikaa kiti cha dereva, akafumba macho, akanyoosha mkono wa kulia moja kwa moja mlangoni, juu ya kile kiegemeo. Mkono ukateleza. Akapapasa juu, akapapasa chini, akafumbua macho.

"Pako wapi?"

"Nini, mama?"

"Pale pa kiwiko chake." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku zote za eda nilijiambia, nikitoka, cha kwanza nitakaa hapa, niweke mkono alipoweka wake. Nguo zake mligawa, sikusema kitu. Hiki nilijua hakuna atakayekitaka."

Omari aliutazama ule mlango unaong'aa.

"Kitasa, ulisema. Ungesema kweli, ningekuzuia."

Omari alikimbia kwa pikipiki mpaka kwa Castory. Mbao tatu zilikuwa majivu. Ya nne, ile ya dereva, Castory alikuwa amempa Leonia, muuza dagaa wa Bangwe, afunikie beseni lake. Leonia alimpokea kwa furaha, akamwamkia kwa Kiha.

"Mwidiwe, mwanangu! Ubao wako huu hapa. Ulikuwa unanuka mtu, wee! Nimebandua lile godoro la sponji lote, nikausugua kwa mchanga na sabuni mpaka umetakata."

Omari alirudi na ubao mweupe, mkavu, wenye harufu ya dagaa. Hata hivyo alichomoa ule mpya, akajaribu kuurudisha wa zamani. Matundu ya klipu yalikuwa yametanuka. Akisukuma juu, chini panaachia. Akisukuma chini, juu panaachia.

"Acha," alisema Bi Fatu. Alikuwa amekaa kibarazani akimtazama.

"Nitaweka skrubu, mama, utashika."

"Acha, Omari. Siku ile nilikupigia mara tatu. Baba yako alikuwa bado anaongea. Alikuwa anakuulizia wewe. Nilimwambia mtandao unasumbua."

Bisibisi ilibaki mkononi mwa Omari.

Bi Fatu aliinuka, akaifunga vizuri kanga yake.

"Umekula?" akamuuliza.