Kukonda kwa Yassini

Mtaani Kapata, mjini Kolwezi, kuna watu ambao macho yao yanapima mwili wa mtu kuliko mizani ya sokoni, na hao ndio waliomponza Mwamini. Mumewe Yassini, mwenye malori yanayobeba mizigo ya migodi kati ya Kolwezi na Fungurume, alikuwa na tumbo la heshima. Tumbo likitangulia mlangoni, majirani walicheka na kumsifu mke: "Mama Akram, unamutunza bwana, njo vile!" Akram ni mtoto wao wa kwanza. Mwamini akisikia hivyo kichwa kilimvimba, na nani asiyependa kusifiwa?

Halafu tumbo likaanza kupungua.

Sababu waliijua Mwamini na mumewe tu. Daktari mmoja wa Lubumbashi alimpima Yassini, akamwambia bila kumung'unya maneno: tansio yako, yaani shinikizo la damu, imepanda, na sukari nayo inabisha hodi. Mtu anayekaribia miaka sitini hali kama kijana anayechimba mashimo. Apunguze chumvi, mafuta na bukari, yaani ugali, aache soda, atembee kila asubuhi, ameze vidonge hata siku anayojisikia mzima. Yassini alirudi nyumbani amenywea. Kabla hajamsimulia mkewe alileta Msahafu.

"Apa, Mama Akram. Mutu asijue. Bapatroni ba ku migodi bakisikia niko mugonjwa, muzigo banapatia bengine."

"Mficha maradhi kilio humuumbua, Tata Akram."

"Apa tu."

Akaapa. Kosa lake lilikuwa hilo, kama ni kosa mke kumhurumia mume.

Na alimpikia, jamani! Makayabo, yale masamaki ya chumvi ambayo Yassini aliyapenda kuliko ndugu zake, yakafukuzwa jikoni. Lengalenga, yaani mchicha, ikapikwa kwa nyanya na kitunguu, mafuta yakawa ya kunusa tu. Baada ya swala ya alfajiri Yassini alivaa raba zake akatembea, kabla malori hayajaanza kutimua vumbi. Mwanzoni alinung'unika kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Baadaye akawa anapanda lori lake bila kuhema, na anacheka mwenyewe. Kila alipopimwa, tansio ilikuwa imeshuka. Mwamini alimshukuru Mungu kimyakimya.

Majirani wao hawakushukuru. Waliona mashavu yameingia ndani na suruali imening'inia kwenye mkanda. Honorine, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa wa kwanza kusifu, sasa alisalimia akiwa mbali. Lisemwalo lipo, wakasema: mwanamke huyu anamlisha mume kitu ili abaki na malori. Maneno yakafika Lubumbashi kwa simu, kwa Aicha, dada mkubwa wa Yassini, yule aliyemlea baada ya mama yao kufa. Aicha alipanda basi. Alipomwona mdogo wake mlangoni alipiga yowe mpaka watu wakatoka nje.

"Mungu wangu! Mudogo wangu iko wapi? Hii ni mifupa!"

Kesho yake akaitisha kikao cha familia. Wazee walikaa kwenye viti, Mwamini akawekwa mkekani mbele yao kama mwizi wa kuku. Aicha akatupa vidonge mkekani. Alikuwa amepekua sanduku la wifi yake.

"Njo hii sumu. Sema, wifi, hii dawa unamupatiaka mudogo wangu ni ya nini?"

Mwamini alivitazama vile vidonge. Akamtazama mumewe. Neno moja tu lingetosha: ni dawa zangu. Yassini alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Tata Akram, hauna neno?"

"Wazee banasema," Yassini akajibu. "Mi ninafuata wazee."

Weh! Angepigwa kofi mbele ya watu asingeshtuka vile. Maisha yote wamelala kitanda kimoja, wamezika pamoja, wamezaa pamoja, leo anaitwa mlozi na mume anafuata wazee! Alitaka kusema yote. Lakini angesemaje? Aliapa kwa Msahafu. Wazee wakaamua arudi kwa kaka yake, mtaa wa Kasulo, mpaka mume apate nguvu, na Aicha ndiye apike. Aicha akavitupa vidonge chooni, Yassini akiona. Pengine alidhani amepona. Kichwa hakiumi, mguu hauumi, mtu atajuaje kwamba anaumwa?

Aicha alipika kwa upendo, tusimsingizie. Makayabo yakarudi yakiogelea katika mafuta ya mawese, chai ikatiwa sukari mpaka ikawa nzito. Matembezi akayapiga marufuku, maana mgonjwa gani huyo anayezurura barabarani? "Kula, mudogo wangu, kula." Mashavu yakajaa, tumbo likarudi, Kapata ikashangilia. Watu walikwenda mpaka Kasulo kumwambia Mwamini kwamba bwana wake amenona. Walifikiri wanamchoma kwa wivu, kumbe wanamtia hofu. Akampigia simu.

"Dawa unameza?"

"Mi niko muzima, Mama Akram. Ngoja batu basahau kwanza, nitakuya kukurudisha."

Ijumaa moja asubuhi simu ikalia. Alikuwa Honorine, analia. "Mama Akram, kuya mbio! Bwana alianguka, kinywa kimepinda!"

Mwamini alifika hospitali kitenge kimegeuzwa ndani nje. Yassini alilala chali, uso umeporomoka upande mmoja, mkono wa kulia umelegea kama si wake. Aicha akaruka: "Mulozi! Hata kwa mbali umemufikia!"

Daktari akamnyamazisha kwa mkono. "Nani anampikia huyu? Na vidonge vyake vya tansio, aliacha lini kumeza?"

"Bidonge gani?" akauliza Aicha.

Mwamini akainama juu ya kitanda. "Tata Akram, unanifungulia kiapo? Finya mukono yangu." Mkono wa kushoto ukafinya, ukafinya mpaka ukamuumiza.

Ndipo akasema yote. Hakupaza sauti. Kadiri alivyosema, Aicha alizidi kutoa macho, na mwishowe akakaa chini sakafuni.

"Mi mwenyewe nilibitupa mu choo," alisema. "Sukari, mi mwenyewe nilitia. Yassini! Juu ya nini haukuniambia? Mi yaya yako, dada yako mukubwa!"

Wote wakamgeukia Yassini. Kinywa kikafunguka, ikatoka sauti isiyo neno, pamoja na mate. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imemsimama. Mwamini alijua anachotaka kusema. Neno lile alilingoja tangu siku ya kikao, alililia huko Kasulo. Lingesemwa siku ile, saa hii wangekuwa nyumbani wanagombana juu ya chumvi.

"Nyamaza sasa," alimwambia, akimfuta mate kwa ncha ya kitenge.

Lakini Yassini alikataa kunyamaza.