Albamu Iliyododa

Siku albamu ya kaka yake ilipofika dukani, Chiriku aliifunga saluni asubuhi kweupe, akamwacha mteja wake na nusu kichwa kimesukwa na nusu kimetimka, akaenda kupanga foleni. Foleni yenyewe ilikuwa yeye peke yake. Mwenye duka alikuwa bado anafagia, akamwambia asubiri nje, naye akasubiri nje kwa heshima zote, mikono nyuma, kama mtu aliyeletwa na wakubwa kukagua barabara.

Kaka yake alishamwambia kwamba angempa kaseti moja bure. Chiriku alikataa katakata. Alisema kitu cha bure hakina utamu, na siku kaka atakapoandikwa magazetini lazima awepo mtu wa kujipiga kifua kuwa ndiye aliyenunua ya kwanza. Isitoshe, hiyo ndiyo albamu ya kwanza aliyonunua maishani mwake. Kabla ya hapo muziki alikuwa anausikia kupitia ukuta wa jirani, na jirani akizima redio, wimbo unaishia hapohapo. Hii ilikuwa yake. Aliichana nailoni kwa meno palepale kwenye ngazi za duka, akainusa karatasi ya kava, akamtazama kaka yake pichani ndani ya koti la kuazima ambalo lingewatosha watu wawili, akacheka mpaka mwenye duka akatoka na ufagio kuona kuna nini.

Jina la Chiriku alipewa utotoni kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kaka yake alikuwa kinyume chake. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mageti na madirisha, macho mekundu mwaka mzima kwa ule mwanga, hata wasiomjua wakadhani ni mlevi. Baba yao alipofariki ni yeye aliyeacha shule akashika mashine, na Chiriku alijifunza ususi kwa jasho lake. Jioni alipiga gitaa. Sauti yake ilikuwa nzito, na nyimbo zake za taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Kila alichojaliwa kuweka kando kwa miaka alikuwa amekiingiza kwenye albamu ile. Mwenye studio hakumficha: kaseti zikinunuliwa, watarekodi nyingine, zikidoda, arudi kwenye mageti yake na gitaa alitundike.

Basi Chiriku akaamua kumpigia debe kaka yake.

Alianzia saluni. Kaseti iliimba tangu anafungua mlango hadi anafunga. Wanawake waliokaa chini ya draya waliinua kichwa wakauliza ni nani huyo, naye akawajibu kwamba ametoka naye tumbo moja, ila sauti zote alichukua yeye, mdogo mtu akaachiwa maneno. Wakamwomba awanakilie. Alikuwa na redio ya kaseti ya milango miwili, ya zamani, iliyopigwa mikwaruzo kama sufuria ya shule. Kaseti ya kaka aliiweka mlango wa kwanza, ya mteja mlango wa pili. Waliokuja na kaseti za mahubiri ya zamani aliwazibia vitundu vya juu kwa karatasi ili zikubali kurekodiwa upya, akimwomba mhubiri radhi kwa sauti, saluni nzima ikavunjika mbavu.

Hakuchukua hata senti. Soda walizomnunulia alizikataa. Kila kaseti iliyotoka mlangoni kwake aliihesabu kuwa ni mtu mwingine aliyenaswa kwa ajili ya kaka. Na hakuwa mtu wa kazi mbovu: kila aliponakili alijaribisha kwanza kwenye mlango uleule wa pili, akasikia iko safi, ndipo akamkabidhi mwenyewe.

Haikuchukua muda. Nyimbo za kaka zikawa zinatoka buchani, kwa fundi viatu, kwenye madirisha ya watu asiowajua. Chiriku alirudi nyumbani kifua mbele. Alisikia kama zimechangamka kidogo kuliko za kwenye kaseti yake, akadhani ni redio za watu tu.

Kisha mwenye duka akamwita kaka aje aondoe maboksi yake ya kaseti, yanakula nafasi. Kaka akayaleta saluni, kwa kuwa karakana yake ina cheche. Akayapanga chini ya kioo, akafuta vumbi boksi la juu kwa kiganja, akasimama tu. Chiriku alikuwa na mzaha tayari mdomoni, kuhusu lile koti. Mzaha ukagoma kutoka, maana wakati huohuo mteja aliyekuwa chini ya draya, macho amefumba, alikuwa anaimba ubeti wa pili wa wimbo wa kaka, neno kwa neno, wala dukani hakuwahi kukanyaga.

Hapo ndipo alipoelewa alichofanya. Aliowanakilia bure hawakuwa na haja tena ya kununua.

Kaka, akiwa anatoka, aliuliza kwa upole wake uleule: hivi watu hawa wanampenda au hawampendi? Mbona anaambiwa anaimbwa kila dirisha na dukani haingii mtu? Chiriku akasema labda mishahara haijatoka. Kaka akaitikia kwa kichwa, akaamini, na kule kuamini kukamchoma kuliko tusi.

Tangu siku hiyo hakunakili tena. Alijaribu kuwauzia wateja zile za kwenye boksi. Wakazisikiliza kidogo, wakazirudisha. Mmoja akamwambia hii imelala, shoga, ile uliyonipa ndiyo yenyewe.

Wakati bado anatafuta namna ya kumwambia kaka, ikaja harusi. Mteja wake mmoja alikuwa anaozesha, akamwalika kaka aje atumbuize ukumbini mchana. Kaka akavaa lilelile koti, aliliazima tena. Akaimba. Watu wakapiga makofi ya adabu. Wimbo wa pili, sauti kutoka nyuma ikamwambia achangamke. Wa tatu, watu wakaanza kugeukiana. Mwisho mama wa bwana harusi, mama mtu mzima mwenye huruma zake, akamfuata jukwaani, akamshika mkono.

"Mwanangu, umejitahidi kumuiga. Ila yule mwenyewe sauti yake ni nyembamba, na ana haraka. Jifunze, halafu Jumamosi njoo uimbe kwangu."

Kaka akaomba amsikie huyo mwenyewe. Wakamwekea kaseti. Ikatoka sauti kama ya mtoto anayekimbizwa na mbwa, ikiimba maneno yake yote, hata pale alipovuta pumzi ikavuta, lakini juujuu. Fundi hakuhitaji kuelezwa. Alisema palepale kwamba mashine iliyorekodi hii inajikokota, mpira wa kuzungushia umelegea, ndiyo maana kwenye redio nzima sauti inakimbia, na akauliza kaseti imetoka wapi. Imetoka kwa binamu. Binamu kaipata kwa mtu. Huyo mtu hakuna aliyemkumbuka. Chiriku alikuwa amesimama karibu na spika, akiomba ardhi ipasuke.

Kaka akalilaza gitaa ndani ya mfuko wake taratibu, akatoka nje juani. Alisema anamjua mwizi wake: muuza kaseti wa stendi, yule anayeuza za kunakili. Angepita karakana, achukue vijana wawili na nyundo, wakaivunjevunje meza yake pale mbele za watu. Hakupaza sauti, na Chiriku alimjua: kaka akisema jambo bila kupaza sauti, atalifanya. Akamkimbilia.

"Kaka, usiende stendi. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyenakili. Kaseti zote hizo zimetoka kwangu."

Kaka akamtazama, kisha akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu maboksi yarudi. Akasema hata siku kama ya leo Chiriku haachi mizaha, akampiga kikofi begani, akaendelea na safari yake. Chiriku akaapa kwa mama yao. Haikusaidia. Alishawahi kuapa kwa mama kwamba amemwona mbuzi amevaa miwani, na kaka alitoka nje kwenda kumtazama.

Ikabidi amshike shati, amvute barabarani mbele za watu mpaka saluni. Palikuwa na kaseti ya mteja aliyesafiri kabla hajaijia. Akaiweka, kwa haraka zake, mlango wa kwanza. Yule mtoto anayekimbizwa akaanza kuimba. Chiriku ndiyo kwanza anamsikia kwenye redio yake mwenyewe. Siku zote alikuwa amejaribishia kwenye mlango mgonjwa, na kilichorekodiwa kwa kujikokota kikipigwa kwa kujikokota, hutoka sawa. Kaka akanyoosha kidole, akazima.

"Ulikuwa unawatoza?"

"Hapana. Bure. Nilikuwa nakupigia debe, Kaka."

"Bora ungewatoza," kaka akasema. "Ningejua pa kukasirikia."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, uso kwa uso na kioo, maboksi yakiwa miguuni pake. Chiriku alisubiri kofi, au tusi, au chochote cha kubeba akalale nacho. Hakupewa. Muuza kaseti wa stendi hakujua kamwe jinsi meza yake ilivyonusurika. Kisha kaka akasema kwamba mama wa bwana harusi kamwita Jumamosi, na kwake watakuja watu wengi. Akaomba ile kaseti iwekwe tena.

Wiki nzima hiyo, akitoka kwenye mageti alikuja moja kwa moja saluni na nguo zake za masizi, akakaza nyuzi za gitaa mpaka zikalia, akajifunza kujiimba. Mistari alikuwa ameitunga mwenyewe, lakini aliisimamisha kaseti kila baada ya mmoja, akaurudia kwa haraka, sauti ameibana puani kama mtu aliyeshikwa mafua. Wateja walimsaidia kwa moyo mweupe. Hapo mwenyewe anapanda zaidi, wakamwambia. Hapo anaharakisha. Akashukuru, akarudia. Alipofika mahali pa juu sauti ilikatika, akakohoa, akaomba maji.

Chiriku alimpa maji, akarudi kwenye kichwa alichokuwa anasuka. Kila sauti ya kaka ilipokatika, vidole vyake vilikaza msuko.

"Dada, unanivuta," mteja akalalamika.

Akaomba radhi, akaufumua msuko ule, akauanza upya, huku nyuma yake kaka naye akianza tena.