Baroma ba Mashini ya Ine

Siku ya tatu ya juma, saa tisa na nusu, Bénite alikuwa amekaa ku mashini ya ine mu salle de jeu ya papa Issaka, nyumba ya michezo ya ordinateur, ku Beu, mu muji wa Beni. Mashini ya ine njo ile ilikosaka touche ya herufi A, na batoto bengine hawakuwa banaitaka. Issaka alizileta zote tano toka Butembo nyuma ya camion yake, zimefungwa mu blanketi. Bénite alikuwa na miaka kumi na tano na hakuwa mutu wa kusema. Mu classe, mwalimu akimuuliza kitu, alikuwa anaandika jibu ku kikaratasi na kukipeleka mbele.

Alikuwa anacheza muchezo ya vita, upande wa Baroma. Kila mara alikuwa anashindwa kwa njia ileile.

"Weye unamaliza batu," Issaka alimuambia, amesimama nyuma yake na kikombe ya chai. "Angalia. Mustari wa kwanza ni vijana. Unabaacha bapigane mupaka bafe, njo unakumbuka kama kuko bengine nyuma. Hapana. Baite barudie bangali na nguvu."

Bénite aliweka kidole ku écran, kama kuuliza: barudie wapi?

"Mu nafasi. Ule mustari wa pili usiubane. Ba mbele bapite katikati, ba pili baingie. Bazee banakaa nyuma kabisa, magoti chini. Bale, ukifika kubatumia, ujue mambo imeharibika."

Bénite aliandika yote mu kayé ya hesabu. Hakuwa anafanya vile ju ya kushinda muchezo. Mama yake, Berthe, alikuwa na shamba ya kakao kilometre saba inje ya muji. Bamama ba kundi yao balikuwa kumi na tatu, na balikuwa banavuna kwa zamu, leo kwa huyu, juma ingine kwa yule. Juma mbili zilikuwa zimepita tangu bale ba mu pori, bauaji, batokee kati ya miti na bunduki zao. Bamama bakabakia kumi na moya. Kesho ilikuwa zamu ya Berthe, na kakao ilikuwa inaoza ku miti.

Saa kumi kasoro kidogo, courant ikakatika. Écran zote zikakuwa nyeusi. Basoda ba Bénite, bale balikuwa tayari mu mistari yao, hawakuzimika. Balitoka nyuma ya mashini ya ine moya moya, bakapita kando ya meza, kila mutu na ngabo yake na kofia ya chuma. Balikuwa makumi munane. Balikuwa bafupi kuliko vile banaonekanaka mu mashini.

"Miguu," Issaka alisema. "Nimetoka kupangusa."

Balipangusa miguu ku gunia ya ku mulango, bakaenda kusimama inje. Bénite alichomoa souris, ile kipanya ya mashini, akaenda nayo. Akiibonyeza, basoda banatembea. Akiiacha, banasimama. Waya yake ilikuwa inaburuta mu vumbi.

Berthe alikuwa anasonga bugali. Aliangalia juu ya ukuta wa lupango yake, akahesabu kwa macho, akaangalia sufuria yake.

"Ni bageni?"

Bénite aliitika kwa kichwa.

"Balale ku kiwanja ya kanisa. Mais mugeni anaandikishwaka mbele ya jua kuzama. Sitaki baseme kama siye tunafichaka batu."

Tangu mauaji ianze, njo vile ilikuwa: mutu akilala kwako bila fiche, karatasi ya kumuandikisha, weye njo unajibu. Balienda ku bureau ya quartier bote. Sadrack, mwandishi, alitoa fiche makumi munane. Fiche iko na fasi tatu za jina: nom, postnom, prénom. Batu mingi banaachaka moya wazi. Baroma balikuwa na majina matatu kila mutu. Lucius Vettius Naso. Quintus Aufidius Ruso. Sadrack alifurahi.

"Bale ni batu ba maana," alisema. "Kuko bazaliwa ba hapahapa bananiuliza postnom ni nini."

Ku fasi ya kazi aliandika: soda. Ku fasi ya mahali batoka: mashini ya ine. Akapiga tampon, muhuri ya bureau, mara makumi munane.

Siku ya ine, saa kumi na mbili asubui, Bénite, bamama na Baroma balitoka kwenda shamba. Mama Julie, ule mucheko haumuishaka, alizunguka Baroma akibaangalia magoti.

"Berthe, umetuletea bachumba? Mbona bamevaa kanzu za batoto?"

"Beba basini yako."

Mu shamba ya kakao mutu hawezi kutembea kimya. Majani kavu iko chini, nyingi, na inalia. Ku saa ine, Bénite alisikia ikilia upande wa muto, fasi hakukuwa mama yeyote. Alishika souris. Alibonyeza.

Mustari wa kwanza ulienda. Bale ba mu pori balipiga risasi, na risasi ziliingia mu ngabo zikabakia pale, kama misumari ku ubao. Zingine zilipita. Kijana moya alipigwa ku shingo. Alianza kupauka, mutu aliweza kuona muti wa kakao kupitia kifua yake, kisha ukabaki muti tu. Kisha mwingine. Bénite alikuwa anaangalia mama yake, hakuangalia mustari. Bakafika tisa njo akakumbuka.

Alibaita na souris. Balirudia bila kukimbia, bakapita mu nafasi, na ba pili bakaingia. Bazee balipiga magoti kuzunguka bamama, bakafunika ngabo juu yao, ikakuwa paa. Chini yake kulikuwa giza, na mama Julie aliendelea kupasua kakao na mupanga wake.

"Mutu asinikanyagie mbegu," alisikika akisema. "Mukulu, songa kidogo."

Bale ba mu pori hawakuwa bamezoea basoda banaorudia nyuma bila kukimbia. Balipiga tena kidogo, kisha majani ikalia ikienda mbali.

Berthe alihesabu bamama. Kumi na moya. Akahesabu tena, akiwagusa mabega.

Basoda ba leta, bale ba serikali, balifika saa nane. Baliuliza nani alitoa ruhusa ya kupigana, bakaandika, bakaenda.

Siku ya tano, Sadrack alikuja ku lupango na barua. Hakukaa ku kiti balimupatia.

"Mukubwa wa basoda amesoma fiche," alisema. "Batu bako na majina kamili, kazi soda, unité, kusema kikosi, hakuna. Donc amebapatia unité. Batalinda nyumba yake."

"Na shamba?" Berthe aliuliza.

"Mama, shamba haiko mu barua."

"Siye njo tulibaandikisha."

"Njo vile. Hamungebaandikisha, nani angejua kama bako?"

Sadrack alinyoosha mukono kwa Bénite, akiangalia pembeni.

"Na ile pia, mutoto. Iko ku liste. Matériel."

Bénite alizungusha waya polepole, akamupatia. Baroma makumi saba na moya balienda mu mistari mitatu, Sadrack mbele yao na souris mu mufuko ya shati.

Juma iliyofuata ilikuwa zamu ya shamba ya mama Julie. Mvua ya mawe ilikuwa inapiga. Kundi ilipita mbele ya nyumba ya mukubwa, na Baroma balikuwa mu kiwanja, bamefunga ngabo juu ya jeep yake ili isibonyee. Muzee moya aliinua kidevu kuwasalimia.

"Wasingya, aksanti," Berthe alimuambia, na bakaendelea.

Fasi nyumba zinaishia, Bénite alisimama. Bamama bakamungojea.

"Mistari mitatu," alisema. "Muache nafasi. Basini juu ya kichwa."

"Kumbe iko na sauti," mama Julie alisema, mais alienda kujipanga.

Bénite alimushika mama yake mukono, akamuweka mustari wa nyuma. Berthe alikaa pale kidogo. Kisha alipita mu nafasi, akasimama mbele.

"Nyuma ni ya bazee," alisema.

Ku bariere, soda alitoa kitabu. Alikuwa ameichora vizuri na règle: kushoto batu banaotoka, kuume batu banaorudi. Aliandika majina kumi na mbili, na ya Bénite ndani, upande wa kushoto.

"Na mutu asiporudi?" Berthe aliuliza.

"Fasi yake inabakiaka wazi."

Aliinua kamba. Balipita bane, kisha bane, kisha bane.