Kafu za Shemeji

Shemeji yangu hapendi kuitwa fundi. Fundi, anasema, ni mtu wa kurekebisha mabomba. Yeye ni mbunifu, na neno hilo ameliandika kwa rangi ya dhahabu kwenye mlango wa karakana yake, ghorofa ya kwanza juu ya duka la madaftari, ili hata anayepanda ngazi kimakosa akitafuta kalamu asishuke bila kujua. Ndani tuko wanawake saba. Sita tumekaa kwenye vyerehani, na wa saba ni dada yangu, mke wa mbunifu, ambaye husimama kwenye meza ya kukatia. Tunashona mashati. Kazi yangu mimi ni kafu, yaani ule mkanda mgumu wa kitambaa unaofunga mkono wa shati pale kwenye kifundo. Ni miaka tisa sasa nashona kafu tu. Nikikutana na mtu barabarani, kabla sijamtazama usoni nimeshamkagua mikono.

Dada ndiye anayempima mteja, anachora kwenye karatasi na kukata kitambaa. Shati likimkaa mteja vizuri mabegani, ni kazi yake. Likimkaa vizuri sana, mteja humshukuru shemeji, naye huzipokea shukrani hizo akiwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepigwa picha.

Mwezi ule dada alikuwa na barua kwenye mkoba. Chuo cha ufundi cha mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi, kilikuwa kinamtaka akafundishe kukata nguo, mwaka mmoja kwa kuanzia, na nyumba ya kukaa wangempa. Jibu lilitakiwa litiwe posta kabla Ijumaa ya mwisho wa mwezi haijaisha. Alinionyesha barua hiyo chooni, maana karakana yetu haina mahali pengine pa siri. Nilimwambia aende, tena asigeuke nyuma. Akasema ngoja kwanza azungumze na mume wake. Alizungumza naye, na jibu tulilipata sote kesho yake, wakati wa chai ya saa nne.

"Chuo kinamtaka mke wangu," shemeji alitangaza huku akitabasamu. "Nimemwambia aende akitaka. Mimi si mtu wa kumzuia mtu. Ila nimemuuliza swali moja tu, kule atafundisha nini? Kukata unakata mkasi."

Wenzangu walicheka, kwa sababu yeye ndiye mwenye karakana. Hata mimi nilicheka, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Dada aliendelea kupuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa, nami nikajua kwamba barua ile itazeekea mkobani. Niliumia, halafu nikarudi kushona.

Shemeji naye alikuwa na jambo lake kubwa. Alikuwa amebuni kifungo cha kafu. Kwa maelezo yake, ubaya wa kifungo cha kawaida ni kwamba kila mtu anacho, kwa hiyo hakina hadhi. Basi akatengenezesha kitu cha shaba: visahani viwili vidogo, kimoja kinakaa nje ya kafu na kingine ndani, vimeunganishwa kwa kijiti kinachopita kwenye matundu manne. Ukishapitisha kijiti, unazungusha kisahani cha nje kwenda kulia na cha ndani kwenda kushoto, kwa wakati mmoja, mpaka vilie tik. Vikishalia, kafu inalala bapa, haina mkunjo wala uzi unaoonekana. Kilikuwa kitu kizuri, sitamnyima haki yake. Alikiita Mkono Huru.

Halafu akaandika taarifa ya majaribio, kurasa kumi na mbili. Asubuhi sitini mfululizo, ilisema taarifa, Mkono Huru umejaribiwa nyumbani kwa mbunifu mwenyewe, saa ya ukutani ikihesabu, na imethibitika kwamba mvaaji hutumia sekunde nne kwa kila mkono. Neno "mvaaji" lilipigiwa mstari. Mimi ndiye niliyezibana kurasa zile, nikazisoma, na sikuona kasoro. Nasema hivi ili mtu asidhani nataka kujifanya mjanja. Sampuli zenyewe nilizishona mimi na kuzifunga mimi, kwenye ule mkono wa mbao tunaopigia pasi, vidole vyangu vyote kumi vikiwa na nafasi. Zilifunga vizuri ajabu. Mkono wa mbao haukulalamika.

Mteja wa kwanza alikuja siku ya Alhamisi, bado siku moja tu muda wa dada uishe. Ilikuwa hoteli kubwa yenye wahudumu mia mbili, na aliyetumwa ni mwanamke mnene, mtulivu, msimamizi wa mavazi ya wafanyakazi. Alituambia tumwite Mama Sare kama kila mtu kule kazini. Aliongozana na mhudumu mmoja wa makamo, mwenye mvi na viatu vinavyong'aa. Shemeji alikuwa amevaa Mkono Huru zake mwenyewe, zimefungwa barabara. Alizungumza robo saa nzima kuhusu hadhi. Mama Sare alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mhudumu.

"Vaa tuone," alisema.

Mhudumu akavaa shati la sampuli. Vifungo vya kifuani alivifunga huku akitazama dirishani. Akafika kwenye kafu ya kushoto, ambayo kwa kawaida mtu huifunga kwa mkono wa kulia peke yake, kwa kuwa huo mwingine ndio umo ndani. Akapitisha kijiti tundu la kwanza, la pili, la tatu, kikachomoka. Akaanza upya. Alipofika tundu la nne akashika kisahani cha nje, akakizungusha, na cha ndani nacho kikazunguka pamoja nacho, taratibu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukishika. Akaubana mkono kifuani. Akaubana katikati ya magoti. Mwishowe akainamisha kichwa na kuingiza meno, na hapo Mama Sare akamwambia aache kabla hajaumia.

"Hajazoea tu," alisema shemeji.

"Azoee kutumia meno?"

"Hapana, mama. Ni suala la kupata mtu wa kumsaidia. Sekunde nne."

"Watu wangu wanavaa makwao, alfajiri," alisema Mama Sare. "Wengine wanaishi peke yao. Hawajaoa."

"Wataoa," alisema shemeji.

Jirani yangu wa cherehani cha pili aliingiza kichwa kwenye kapu la vitambaa akijifanya anatafuta kitu, na mgongo wake ukawa unatikisika. Mama Sare hakukasirika. Alimtazama shemeji mikononi, kwa makini, kama anavyotazama mtu wa kazi.

"Zako mbona zimefungwa vizuri," alisema. "Wewe umefungaje?"

"Kawaida tu."

"Hebu fungua, halafu ufunge tena. Nataka kujifunza."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikaona aibu na raha kwa pamoja, raha ikizidi. Shemeji hakuwa anadanganya. Alikuwa hajui kwamba kufunga nako ni kazi. Mtu huyu alifungwa vifungo na mama yake mpaka siku ya harusi, akakabidhiwa kwa dada yangu, na katika miaka arobaini na mitatu hajawahi kujiuliza kafu inafungwaje. Kwake yeye kafu hujifunga. Ananyoosha mikono mbele, anapiga soga, na akimaliza kusema, kafu imeshafungwa. Yale majaribio yote sitini aliyafanya akitazama saa ya ukutani. Aliyekuwa anazungusha visahani hakumwona, kwa hiyo hakumwandika.

Shemeji ni mtu wa kufa na tai shingoni. Alifungua. Alijikaza kisabuni, akapitisha, akazungusha, jasho likamtoka puani. Kijiti kikamponyoka, kikabingirika chini ya cherehani changu, nami nikamwokotea, maana mimi ni mtu mwema. Alijaribu tena, kikaanguka tena. Kisha, bila kugeuza macho, huku akiendelea kumweleza Mama Sare habari za ubora wa shaba, aliinyoosha mikono yake yote miwili kuelekea meza ya kukatia.

Mikono ikabaki hewani. Akamaliza habari za shaba na mikono bado iko pale pale.

"Mke wangu," alisema.

"Nina mkasi mkononi," alisema dada, akaendelea kukata.

Aliukata sentimita kwa sentimita, ule mgongo wa shati, mpaka mwisho wa mstari. Sijawahi kumpenda dada yangu kama nilivyompenda wakati ule. Shemeji alishusha mikono na kuitia mifukoni, kafu zikabaki nje zikining'inia.

Mama Sare alisogea mezani. "Na wewe dada," alimuuliza, "ungefungaje?"

"Kitufe cha kawaida, mama," alisema dada. "Ila nikishonee uzi wa mpira. Mkono unaingia na kutoka, kitufe hukigusi. Hata mwenye sinia anaweza."

Alinirushia kipande cha kafu, uzi wa mpira na kitufe cheupe. Nilikishona kwa dakika mbili. Mhudumu akaingiza mkono, akautoa, akauingiza tena, kisha akacheka peke yake. Mama Sare akaagiza mashati mia nne pale pale.

"Ndiko nilikokuwa naelekea," alisema shemeji.

Jioni hiyohiyo taarifa ilikuwa na ukurasa wa kumi na tatu. Ulisema kwamba mbunifu, baada ya kutafakari kwa kina, ameuboresha Mkono Huru kwa kutumia uzi wa mpira, na kwamba wazo hilo limepokelewa vizuri sana na wateja. Aliubandika ukutani karibu na feni. Dada alisimama mbele ya ukurasa huo akausoma mpaka chini, akausoma tena. Kisha akaniomba kalamu, akaandika jibu la barua yake akiwa amesimama, mistari mitatu, na asubuhi ya Ijumaa akalipeleka posta kwa mkono wake. Jumapili aliondoka na basi la kwanza. Shemeji alituambia kwamba kwa kweli hajui mwanamke yule amekerwa na nini.

Jumatatu niliamka roho kwatu. Nilifika mapema, nikakaa dukani kwa muuza madaftari na kumsimulia kisa chote: mikono hewani, mkasi, "wataoa". Nilimwigiza shemeji mpaka tukavunjika mbavu, na yule bwana akaniomba nirudie sehemu ya meno. Nilipanda ngazi nikiwa bado nacheka. Nilikuwa nimeshaandaa hata maneno ya kumwambia shemeji siku atakapothubutu kunijaribu, maneno mafupi, makali, nimeyapanga tangu Alhamisi.

Aliingia saa mbili na nusu. Kafu zilikuwa wazi, vishaba vimo kwenye kiganja. Alisimama kando ya cherehani changu na kuanza kuzungumza habari za kazi, mambo ya maana kabisa: uzi wa mpira uwe wa unene gani, ukifuliwa kwa maji ya moto utadumu muda gani, hoteli ianze kupelekewa lini. Huku akisema hivyo akaviweka vishaba mezani pangu na kunyoosha mikono.

Yale maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nayatafuta mdomoni niyaseme, na nilipotazama chini nikakuta nimeshapitisha kijiti tundu la nne la mkono wa kulia, na visahani vimelia tik. Sekunde nne, pengine tatu. Wenzangu wote watano walikuwa wanatazama vyerehani vyao.

"Sivyo, shemeji," aliniambia, kwa upole mkubwa. "Dada yako alikuwa anaanza na wa kushoto."

Nikaufungua wa kulia, nikaanza na wa kushoto.