Sijambo ya Maulid

Maulid ukimuuliza hali, hata kama paa limemwangukia, atakujibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Ndivyo alivyolelewa Unguja, na miaka yote ya Birmingham haikumbadilisha. Mkewe Shemsa alimpenda kwa hilo, mpaka saratani ilipomkaa Maulid kooni. Hapo ile sijambo ikaanza kumkera mkewe.

Daktari Gurdev alishawaeleza. Duru ya kwanza ya dawa ndiyo itakayotabiri: uvimbe ukinywea zaidi ya nusu, Maulid ataendelea na dawa, kisha mionzi, na kikoromeo chake kitabaki. Usiponywea, watakikata, na sauti itakwenda nacho. Na Maulid alikuwa na binti wa kuoza, Thuwaiba. Maneno ya kumkabidhi kwa mchumba wake Idarous alitaka kuyatamka mwenyewe. Angeweza kumpa mtu uwakala, lakini ukimtajia hilo ananuna kutwa.

Siku ya kipimo, daktari akampitishia kamera nyembamba puani, akatazama, akatabasamu. Uvimbe umenywea vizuri. Shemsa nusura apige kigelegele, akakumbuka yuko hospitali.

Daktari akauliza kama maji yanapita bila taabu. Thuwaiba akatafsiri.

"Sijambo, alhamdulillahi," akajibu Maulid.

"He says he's fine," akasema Thuwaiba.

Uongo mtupu. Chai humpalia kila siku mpaka macho yamtoke. Lakini Shemsa akisema, si atakuwa kampa daktari kisu akate kikoromeo?

"Mficha uchi hazai, Baba Thuwaiba," akamnong'oneza.

"Mie nishazaa watano."

Basi akasema Shemsa. Maulid akapewa gilasi ya maji, na funda la kwanza tu likampalia. Daktari akashukuru kuambiwa, maana maji yanayoteremkia mapafuni yangemuua huku kikoromeo kizima. Hawatakata, atafundishwa kumeza, kidevu kifuani. Njiani kurudi mtaani kwao Ladywood Maulid alimnunia mkewe, na Shemsa hakujali hata chembe.

Nikaha ikafungwa baada ya mionzi. Sauti ya Maulid ilikwaruza kama mlango mkavu, lakini maneno yote aliyatamka mwenyewe, na spika ikayafikisha kwa wanawake. Kisha, maikrofoni bado imewashwa, rafiki yake Vuai akamuuliza, "Hujambo lakini, Bwana Maulid?"

"Maji bado yananipalia," akajibu Maulid. "Na kufa naogopa. Lakini mwanangu nimemuoza mwenyewe."

Upande wa wanawake Shemsa akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Katika ndoa yao yote, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mumewe akiulizwa hali akaisema.