Waliobaki Kuchimba

Mzee Abdullah alipofariki, mwezi wa sita mwaka 1984, kijiji kizima kilikosa mtu wa kumchimbia kaburi.

Watu walikuwapo, lakini mwanamume mwenye nguvu hakuwapo hata mmoja. Vijana walikuwa wameondoka Nakivale, makazi ya wakimbizi wa Kinyarwanda nchini Uganda, mmoja mmoja tangu mwaka uliotangulia, na kila mmoja aliaga kwa sababu ndogo. Huyu alikwenda Mbarara kununua sabuni, yule alikwenda Biharwe kumwona shangazi yake. Kasim, mtoto wa mwisho wa Mzee Sulait, alisema amepata kazi ya kupakia maziwa Bwizibwera. Miezi minne baadaye mchuuzi wa maziwa alipita kijijini, Sulait akamwuliza. Mchuuzi hakumjua Kasim. Tangu hapo Sulait hakuuliza tena, wala hakuna mzazi aliyemwuliza mwenzake. Redio ikianza kutaja vita vya Luwero, walikopigana waasi na jeshi la serikali, watu waliizima.

Basi Abdullah alichimbiwa na wazee sita. Walianza baada ya sala ya alfajiri. Kiangazi kilikuwa kimekwisha kuikausha ardhi. Sulait, mwenye miaka sabini na miwili, alipiga jembe mara kumi, akaketi. Jirani yake Gashugi, Mkristo wa umri uleule, akalipokea jembe, akapiga mara nane. Adhuhuri ilipofika shimo lilikuwa la kina cha magoti. Maiti ilikuwa ndani ya nyumba, imekwisha kuoshwa na kukafiniwa, na nzi walikuwa wameanza kuingia. Walimzika Abdullah kesho yake, katika kaburi lisilotimia kina, wakapanga mawe juu ili fisi wasimfukue.

Jioni, Zainah, mke wa Sulait, alimkanda mumewe mgongo kwa maji ya moto.

"Mimi nalima kila siku," alisema. "Na wenzangu wanalima. Mngetuita."

"Mwanamke hachimbi kaburi."

"Na mwanamume asiyeweza kunyoosha mgongo, yeye anachimba?"

Sulait aliomba shati lake. Lakini aibu ya nzi wale haikumtoka, na mvua za mwezi wa tisa zilipolainisha udongo, aliwakusanya wenzake akawaambia alilofikiri.

"Tuchimbe sasa, polepole, kila mtu la kwake. Siku ikifika itabaki kazi ya kufukia tu, na hiyo hata watoto wanaiweza."

Wawili walicheka. Gashugi hakucheka. Alikata utete, akajilaza chini, akamwambia Sulait ampime urefu nao.

Walichimba kwa wiki sita, saa moja kila asubuhi. Yalipatikana makaburi sita, yamejipanga kwenye mteremko juu ya barabara, yamefunikwa matawi ili mbuzi wasitumbukie. Sulait aliridhika. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi alilala usingizi mzuri. Zainah alikwenda kuyatazama mara moja tu, akarudi na uso uliokunjamana.

"Yafukieni."

"Unaogopa mikosi?"

"Naogopa barabara," Zainah alisema. "Nimesimama pale chini nikatazama juu. Yanaonekana yote."

Lori la wanajeshi lilikuja Jumanne moja, mwezi wa kumi na moja. Mkuu wao alikuwa luteni kijana, wa rika la Kasim. Wazee wengi pale walijua Kinyarwanda na Kinyankole tu. Sulait alikuwa amekinunua Kiswahili chake sokoni, miaka ya biashara ya ngozi, kwa hiyo walimsukuma mbele.

"Vijana iko wapi?" luteni aliuliza.

"Wamekwenda kutafuta kazi, afande."

"Yote? Hata moja hakuna?"

Kabla Sulait hajajibu, askari mmoja alipaza sauti kutoka mteremkoni. "Afande! Iko mahandaki hapa! Sita!"

Luteni alipanda taratibu, Sulait nyuma yake akihema. Matawi yalikuwa yameshatupwa kando.

"Hii ni ya nini?"

"Ni makaburi, afande. Ni yetu sisi wazee."

"Nani amekufa?"

"Bado."

Askari wawili waliangua kicheko. Luteni hakucheka. Alichuchumaa, akaupima kwa jicho umbali wa kutoka kwenye shimo hadi barabarani.

"Mutu na bunduki akisimama hapa, gari yangu haipiti. Mutu gani anachimba kaburi yake mwenyewe?"

"Asiye na wa kumchimbia, afande."

"Na kwa nini hamna?"

Hapo Sulait alijua kwamba kinywa chake mwenyewe kimemtia mtegoni. Upepo ulikuwa ukizipeperusha nyasi, na chini barabarani wanawake walikuwa wamesimama wakitazama juu.

"Ingia," luteni alisema. "Kama ni yako, ingia. Lala."

Sulait alivua viatu. Aliteremka kwa kushikilia ukingo, akajilaza ubavu wa kulia, kama maiti anavyolazwa. Udongo ulikuwa na unyevu na baridi iliyopenya hadi mbavuni. Juu aliona kipande cha mbingu na ncha za buti. Shimo lilimtosha. Alisikia wenzake nao wakiteremka, mmoja baada ya mwingine, na mmoja akisoma sala kwa sauti ya chini. Walilala hivyo muda mrefu, luteni akitembea kutoka shimo hadi shimo.

"Toka. Fukia yote leo. Nikirudi nikute hata moja, tutawaacha ndani." Kisha alimnyooshea Sulait kidole. "Wewe unajua kuongea. Panda gari."

Lori lilipoondoka, Sulait aligeuka akamwona Gashugi akiinua jembe.

Sulait alifungiwa siku tisa katika chumba cha saruji mjini Mbarara. Swali lilikuwa moja kila siku: mwanao yuko wapi? Jibu nalo lilikuwa moja: sijui. Hilo lilikuwa kweli. Lililobaki, kwamba usiku wa kuondoka Kasim alipiga magoti akaomba dua ya baba na akaipata, hakumwambia mtu. Siku ya tisa miguu ilimvimba hata akashindwa kusimama ajibu. Alimsikia askari mlangoni akisema, "Huyu mzee atatufia hapa, halafu nani atazika?" Wakampeleka Base Camp, kituo kikuu cha Nakivale, wakamwachilia kwa sharti: kila Ijumaa afike kwenye ofisi ya askari aseme kama mwanawe amerudi.

Nyumbani alikuta viganja vya Zainah vina makovu ya malengelenge.

"Gashugi alianguka akifukia shimo la tatu," Zainah alimwambia. "Hakuamka."

"Nani alimchimbia?"

"Sisi. Wanawake saba. La kwake lilikuwa limeshafukiwa. Tulimaliza kabla ya adhuhuri."

Sulait aliishika mikono ya mkewe, akaitazama. Hakutaja desturi.

"Nimemuua mimi," alisema hatimaye. "Fikra ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yako," Zainah alisema. Hakumbembeleza. Alikwenda kumletea uji, akakaa karibu naye mpaka alipoumaliza.

Ijumaa nne Sulait alitembea hadi Base Camp na kurudi. Ya tano magoti yalikataa kabisa.

"Nitakwenda mimi," Zainah alisema. "Nifundishe la kusema kwa Kiswahili."

"Sema: Hakuna habari, afande. Mzee anaumwa."

Aliyarudia maneno hayo akijifunga mtandio, akayarudia akivuka uga, mpaka sauti yake ikapotea njiani. Alirudi alasiri, akaketi kizingitini bila kuvua viatu.

"Hawakuuliza habari za Kasim. Waliniuliza nyumba yetu ni ya ngapi kutoka barabarani. Sikuelewa, wakaniuliza tena kwa Kinyankole."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ya tatu. Ningesemaje?"

Walikuja Jumatatu, wanne. Hawakupiga mtu. Walitazama kitanda, wakatazama miguu ya Sulait, wakapekua jiko na banda la mbuzi. Mkubwa wao aliandika kitu katika daftari, kisha akasema bila kuinua macho, "Sasa tunajua nyumba. Siku kijana anarudi kuwaona, siku hiyo tutakuwa hapa."

Walipokwenda, Zainah alichota maji akamtilia mumewe udhu. Sulait alisali akiwa ameketi. Miezi yote ile alikuwa akimwomba Mungu amrudishe Kasim nyumbani. Alasiri ile aliinua mikono akaomba asirudi, na Zainah, aliyesikia kila neno, akaitikia amina.