Kopo la Mkusanya Ndege

Simu ya shangazi Masouda iliita mpaka ikakatika, mara ya nne. Nilikuwa garini nje ya ofisi yetu ya Rusayl, nakala ya barua ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita imefunguka mapajani, na funguo mkononi.

Ilikuwa mwaka juzi. Kwa miezi sita nilikuwa nikifuatilia maisha ya Lorenz Haupt, Mjerumani aliyekusanya ndege Unguja na Pemba miaka ya 1890 na kuwapeleka kwao wamejazwa pamba, vibandiko miguuni. Makumbusho moja ya Ulaya ilitaka kumjua, hasa alivyokufa ghafla. Walinichagua mimi kwa kuwa nasoma Kijerumani, na kwa kuwa aliyemchunia ndege hao alikuwa Humam, babu yake shangazi.

Mchana huo nilisoma alichomwandikia nduguye. Ngozi za ndege hupakwa unga mweupe ili wadudu wasizile, na kiasi cha kushika kwa ncha za vidole chatosha kumuua mtu. Humam hakuambiwa. Akijua, Haupt aliandika, ataacha kazi.

Jana yake tu, nyumbani kwake Sidab, shangazi alinifungulia sanduku ambalo familia ilihama nalo kutoka Unguja kuja huku ng'ambo. Mlikuwa na ndege wawili waliokauka, kurumbiza, na kopo la bati. Nikalifunua, nikaona cheupe, nikasema ni shabu ya kusafishia maji. Nikaliacha jikoni, kando ya chumvi. Kwa mkono wangu.

Sijui nilivyoendesha. Kila taa nyekundu ilinionyesha kijiko kikiingia katika kopo lisilo lake.

Mlango ulifunguliwa na Dativa, anayemsaidia shangazi kazi. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka vifundoni. Nilimkamata, nikamburuta hadi kwenye bomba, nikamuuliza ameshika nini.

"Unga wa chapati, madam," alisema, akiitazama sura yangu.

Shangazi alikuwa sebuleni na kahawa yake. Kopo lilikuwa miguuni pake, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo matatu. Nilimweleza yote. Alinisikiliza kama mtu anayesomewa khabari ya zamani.

"Nnaijua," alisema. "Ulipotoka tu, nikalifunga."

Ndipo akanisimulia, taratibu, macho yake dirishani. Mke wa Humam, bibi Hind, alikuwa na binti wa miaka miwili. Mtoto hakulala ila akinyonya kidole cha babake. Kucha za Humam zilikuwa zikimtoka, na watu wakasema ni ndege wanaomlipizia kisasi. Mtoto akaanza kutapika. Alipokwisha kuzikwa, muuza dawa mmoja wa Darajani aliitazama nguo ya kazi ya Humam, akawaambia ule unga ni sumu.

Nilisikia Dativa akisukuma chapati jikoni.

"Bibi akampikia yule mzungu uji," shangazi akasema. "Siku tatu. Aliniambia mwenyewe, mie nna miaka kumi. Hakulia, wala hakuniambia nisiseme."

Nilikuwa nimekuja mbio nikiogopa kifo, na sasa nilikuwa nimekaa karibu nacho, nikiogopa hata kusogeza mguu. Niliutazama mkono wa shangazi ukimimina kahawa, mishipa imesimama, ukinisogezea kikombe. Nilikichukua. Nilichelewa kukinywa, naye akaona nilivyochelewa.

"Utaandika?" aliuliza.

Nikamuuliza mtoto aliitwa nani.

Kopo lilichukuliwa wiki iliyofuata na watu waliovaa glavu. Shangazi alifariki mwezi wa Rajab. Ripoti nimeipeleka, kurasa sitini: safari za Haupt, ndege wake, barua zake. Katika ukurasa wa mwisho nimeandika kwamba palikuwa na mtoto, Ruqaya binti Humam, wa miaka miwili, aliyekufa siku kumi na moja kabla ya Haupt. Sikuongeza neno.

Makumbusho wamenishukuru sana. Wanauliza, kwa adabu, huyu mtoto anahusika vipi.